Unasafirisha vifurushi vya watu? Panga bei kama ile posta ya peni 1

Ukienda pale wanapopokea mizigo ya mabasi Kampala ukauliza bahasha kufika Mbale ni ngapi, mara nyingi mtu anakuangalia usoni kwanza ndio anataja bei, halafu aliye nyuma yako na bahasha kama yako anatajiwa nyingine kabisa. Hii inaniuma kweli, maana dawa yake ilishapatikana Uingereza mwaka 1840, posta yao ilipoweka bei moja ya peni 1, ile sarafu yao ndogo, kwa barua nyepesi popote iendako, na wewe mwenye boda mbili tatu au kibanda cha kupokea mizigo unaweza kuitumia bila kukopa popote.

Kabla ya hapo barua kule ilikuwa kitu cha wenye nazo. Bei ilienda kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, ukiongeza karatasi ya pili bei inakuwa mara mbili, na mara nyingi anayelipa ni yule anayepokea. London mpaka Edinburgh karatasi moja ilizidi peni 13. Basi watu wakawa wanaweka alama kwa nje, mama akiiona tu anajua mwanawe mzima, anairudisha bila kulipa kitu na posta imeshaibeba njia yote hiyo.

Anza na hesabu kabla ya bei. Rowland Hill, aliyekuwa mwalimu, alitoa kijitabu chake mwaka 1837 akaonyesha kwamba kuibeba barua moja London mpaka Edinburgh kunagharimu sehemu 1 tu ya 36 ya peni, pesa nyingi inaliwa na makarani wanaopigia hesabu kila barua peke yake na mtu wa posta anayesimama mlangoni kungoja malipo. Na wewe chukua daftari, wiki nzima andika kila kitu, mafuta, simu unazopiga, muda kijana wako anaokaa nje ya geti kule Ntinda, mtaa wa Kampala, akimngoja mtu atafute chenji, utashangaa kubargain na kungoja kunakula kuliko barabara yenyewe.

Ukishajua hilo, anayetuma ndiye alipe, na alipe mwanzo. Hapa usilegee hata kidogo. Posta ile haikukataza kutuma bila kulipa, ila kama hujalipia mwanzo mpokeaji anatozwa peni 2 badala ya 1, watu wakajifunza wenyewe. Fanya hivyo hivyo, pesa ya simu ikiingia mzigo unaondoka, anayetaka mpokeaji alipe weka bei ya juu na uiandike wazi.

Bei yenyewe sasa. Kuanzia tarehe 10 Januari 1840 barua yoyote isiyozidi nusu aunsi, kama gramu 14 hivi, ilikuwa peni 1 Uingereza nzima, umbali ukafutwa, ikabaki mizani. Kwa bahasha na vifurushi vidogo vinavyopanda basi hii inakubali kabisa, kwa sababu basi linaenda tu, uweke bahasha yako usiweke. Lakini ssebo, yaani bwana, usije ukafanya hivyo kwa gunia la matoke au kwa boda ya mjini, pale mafuta yanapanda na umbali kweli, hapo gawa mji maeneo matatu na kila eneo liwe na bei yake moja.

Halafu kuwe na alama ya kulipa. Wao walitoa stempu ile nyeusi yenye sura ya Malkia Victoria, ikaanza kazi rasmi tarehe 6 Mei 1840, na waliipigia muhuri wa wino mwekundu, kumbe watu wanaufuta na kuitumia tena, ikabidi mwaka 1841 stempu iwe nyekundu na muhuri uwe mweusi. Kwa hiyo stika zako ziwe na namba na uzichane au uzichore zikishatumika. Na usiseme huna mashine, hapa kwetu Mengo mwaka 1895 mmisionari Ernest Millar alizichapa stempu za kwanza za Uganda kwa taipureta, bei yake ikiandikwa kwa kauri, yale makombe ya baharini yaliyotumika kama pesa.

Kitu kigumu zaidi ni ndugu na wakubwa. Wabunge wa Uingereza walikuwa wanatuma bure, na mwaka huo huo wa 1840 haki hiyo ikaondolewa. Shemeji akija na kifurushi chake, alipe.

Sasa nikuambie na upande mchungu. Barua ziliruka kutoka kama milioni 76 mwaka 1839 mpaka kama milioni 169 mwaka 1840, lakini faida ya posta ilianguka kutoka zaidi ya pauni milioni 1.6 mpaka kama nusu milioni, na ilichukua zaidi ya miaka 20 kurudi. Serikali inaweza kuvumilia hivyo, wewe mwezi unaofuata tu aliyekupangishia kibanda anataka kodi yake. Kwa hiyo usishushe bei kila mahali siku moja, chukua njia moja, tuseme Kampala kwenda Jinja, bandika bei ukutani kwa herufi kubwa kwa Luganda, Kiswahili na Kiingereza, iache miezi mitatu bila kuigusa, na daftari lile lile liendelee, idadi ya vifurushi ikipanda na pesa inayobaki haishuki, ndio uongeze Mbale.