Kumtafutia Mgonjwa wa Mesothelioma Matibabu ya Kibingwa: Anzia kwenye Kinyama, Pasipoti Ifuate

Mimi ni muuguzi wa wodi ya magonjwa ya kifua jijini Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa sasa sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kuandaa rufaa: kukusanya majibu, kufuatilia maabara kwa simu, na kukaa na ndugu wa mgonjwa kwenye benchi la nje wakati daktari bingwa anasoma faili. Mesothelioma ni saratani ya utando unaofunika mapafu na, kwa wagonjwa wachache zaidi, utando wa tumboni. Si ugonjwa tunaokutana nao kila wiki, na ndiyo maana familia inayoupata hukosa jirani wa kumuuliza, hivyo jambo la kwanza wanalofanya ni kuchangishana nauli ya India. Nawasihi wasianzie hapo. Daktari bingwa yeyote, awe Dar es Salaam, Nairobi au Mumbai, atauliza vitu viwili kabla ya vingine vyote: majibu ya kinyama, yaani kipande kidogo cha mwili kilichokatwa kupimwa, na historia ya kazi ya mgonjwa.

Hatua ya 1: Hakikisha kuwa ni mesothelioma kweli

Kwetu, maji yakionekana upande mmoja wa kifua, ugonjwa wa kwanza kushukiwa ni kifua kikuu, na ni haki ushukiwe kwa sababu ndio tunaouona zaidi. Shida huanza pale mgonjwa anapoandikiwa dawa za miezi sita bila vimelea kuonekana popote, maji yakatolewa, yakarudi, yakatolewa tena, na kila mara faili likaandikwa kwamba aendelee na dawa. Kanuni ninayowapa ndugu ni hii: ikiwa dawa zinamezwa sawasawa na maji yanarudi baada ya wiki chache, au maumivu ya kifua hayaondoki huku uzito ukishuka, mwombeni daktari kwa adabu lakini bila woga afanye biopsi, yaani achukue kinyama hicho kipimwe.

Kupima maji peke yake mara nyingi hakutoshi. Seli za saratani hii huweza zisionekane kabisa kwenye maji, au zikaonekana zikifanana mno na seli za kawaida zilizovurugwa na ugonjwa mwingine. Kinachohitajika ni kinyama cha utando wenyewe, ambacho huchukuliwa kwa sindano nene inayoongozwa na ultrasaundi au CT-Scan, au kwa kamera inayoingizwa kifuani kupitia tundu dogo. Njia ya kamera, pale inapopatikana na mgonjwa akiwa na nguvu za kuihimili, naipenda zaidi, kwa kuwa daktari huuona utando kwa macho yake, huchagua mahali pa kukata, na hutoa maji yote katika safari moja.

Maabara nayo ina kazi ya ziada. Mtaalamu wa patholojia, yule anayesoma vinyama kwa hadubini, anapaswa kutofautisha mesothelioma na saratani ya mapafu iliyosambaa hadi kwenye utando, na hilo hufanyika kwa kukipaka kinyama rangi maalumu zinazoonyesha alama za seli, kama vile kalretinini na WT1. Baada ya hapo anataja aina: epithelioidi, sakomatoidi, au mchanganyiko wa hizo mbili. Majibu yakija bila kutaja aina, yarudisheni kabla hamjaondoka mjini, kwa sababu neno hilo moja ndilo litakaloelekeza uchaguzi wa dawa.

Hatua ya 2: Chukua kinyama, usichukue karatasi tu

Baada ya kupimwa, kinyama hakitupwi. Huwa kimegandishwa ndani ya nta kwenye kijisanduku cha plastiki kinachoenea katikati ya kiganja, chenye namba iliyoandikwa kwa penseli ubavuni. Hicho ndicho mali ya mgonjwa iliyo muhimu kuliko zote katika safari hii. Hospitali inayopokea rufaa mara nyingi hutaka kukikata upya na kukisoma yenyewe, na karatasi ya majibu haiwezi kuchukua nafasi yake.

Niliwahi kupokea familia kutoka mkoani wakiwa na karatasi yenye mstari mmoja tu unaosema seli za saratani zimeonekana. Tulipopiga simu kule walikotoka, ambako sitapataja, kijisanduku hakikupatikana. Mgonjwa alichukuliwa kinyama upya, wiki tatu zikapotea, na katika wiki hizo alitoka kwenye kutembea mwenyewe akaingia kwenye kiti cha magurudumu. Tangu hapo kila ndugu namwandikia orodha ile ile: vijisanduku vya nta pamoja na slaidi (vile vioo vilivyobandikwa vipande vya kinyama), nakala ya ripoti ya patholojia, picha za CT kwenye diski na si ripoti yake pekee, muhtasari wa matibabu yaliyokwisha kutolewa, na majibu ya figo na damu ya mwezi huo.

Hatua ya 3: Iandike historia ya kazi kuanzia ujanani

Kisababishi kikuu cha mesothelioma ni vumbi la asbesto, na kati ya kulivuta na kuugua hupita muda mrefu, kwa kawaida miaka 20 hadi 50. Kwa hiyo kazi ya sasa ya mgonjwa haielezi kitu. Uliza kuhusu mapaa na mabomba ya asbesto aliyoyakata au kuyabomoa, breki za magari alizozisafisha, viwanda, bandari, reli, meli.

Nilimuuliza mzee mmoja mwenyeji wa Tanga, "Mzee wangu, ulikuwa ukifanya kazi gani?" Akanijibu kwa shida, "Karani." Nilikuwa nimeshaandika karani na kugeuza ukurasa. Mkewe, aliyekuwa ameshika chupa ya uji, akatabasamu: "Karani wa uzeeni, mwanangu. Aliponioa alikuwa chini melini, kwenye mitambo, na ovaroli zake nilizikung'uta mimi, uani." Hapo mzee akakumbuka mabomba ya mvuke yaliyovikwa kitu cheupe kama pamba iliyokauka, ambacho walikuwa wakikikwangua kwa patasi kila bomba lilipovuja, na kwamba wakitoka kule chini walikuwa weupe hadi kope. Nilifuta neno karani. Mama naye nilimweleza kwamba akianza kubanwa na kifua asikae nyumbani akisingizia umri, kwani vumbi hilo huwapata pia wanaofua nguo.

Ushauri wa vitendo: mwenye kumbukumbu mara nyingi ni mke au rafiki wa zamani, kuliko mgonjwa mwenyewe. Andikeni mwaka, mahali, jina la mwajiri na kazi aliyoifanya kwa mikono. Kadi ya NPF, mfuko wa zamani wa akiba ya wafanyakazi, au taarifa za michango ya NSSF iliyourithi husaidia kuthibitisha miaka ambayo watu wameisahau.

Hatua ya 4: Chagua hospitali kwa kuangalia timu

Swali la kuuliza ni kama hapo mahali daktari wa kifua, daktari bingwa wa saratani, mpasuaji wa kifua na mtaalamu wa patholojia hukaa pamoja kumjadili mgonjwa. Kwa Tanzania, njia ya kawaida hupitia Muhimbili kwa biopsi na upasuaji, na Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa tibakemikali (dawa za kuua seli za saratani) na mionzi. Kanda ya ziwa kuna Bugando, na kaskazini kuna KCMC, zote zikiwa na huduma za saratani. Wasomaji wa Kenya wataanzia Kenyatta au hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret. Wa Uganda, Taasisi ya Saratani iliyopo Mulago. Barua ya rufaa itoke kwa daktari anayemjua mgonjwa, na mwenye bima aulize mapema ni dawa ipi inayohitaji kibali.

Hatua ya 5: Ingia kwa bingwa ukiwa na maswali

Bingwa ana dakika chache, kwa hiyo andikeni maswali usiku wa kuamkia siku hiyo. Ni aina gani? Imefika wapi? Lengo la matibabu ni nini: kurefusha maisha, kupunguza dalili, au yote mawili? Jibu la kweli kwa wagonjwa wengi ni kwamba ugonjwa huu wa kifuani hauponi, na familia iliyoelezwa hivyo mapema hufanya maamuzi bora kuliko iliyofichwa.

Tibakemikali iliyozoeleka ni pemetreksedi pamoja na sisplatini, au kaboplatini kwa wenye figo dhaifu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa mchanganyiko huo ulisogeza wastani wa maisha kutoka miezi 9.3, kwa sisplatini peke yake, hadi 12.1. Mgonjwa anayepewa pemetreksedi lazima ameze foliki asidi kila siku, kuanzia takriban wiki moja kabla, na achomwe vitamini B12. Vitamini hizi ni za bei ndogo na ndiyo maana hudharauliwa, lakini kuziacha huleta madhara makali ya damu na vidonda vya mdomo. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa mbili za kuamsha kinga ya mwili, nivolumabu na ipilimumabu, zitumike pamoja. Faida yake huonekana zaidi kwa aina isiyo epithelioidi, ambapo wastani wa maisha ulikuwa miezi 18.1 ukilinganisha na 8.8 ya tibakemikali. Bei yake ni mlima. Ulizeni kwa uwazi kama mtaweza kumaliza dozi kabla ya kuuza shamba kwa ajili ya dozi mbili za mwanzo.

Kuhusu upasuaji mkubwa wa kubandua utando wa mapafu, nakuwa mwangalifu sana. Utafiti wa Uingereza uitwao MARS 2, uliochapishwa mwaka 2024, haukuona wagonjwa waliopasuliwa na kupewa tibakemikali wakiishi zaidi ya waliopewa tibakemikali peke yake, ila madhara makubwa yaliongezeka. Mesothelioma ya tumboni ni habari nyingine: kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri, upasuaji unaofuatiwa na tibakemikali iliyopashwa moto na kuzungushwa ndani ya tumbo unaweza kumpa miaka.

Hatua ya 6: Safari ya nje, ikibidi

Tumeni kwanza nyaraka, mgonjwa abaki nyumbani. Hospitali kubwa za India, Tata Memorial ya Mumbai ikiwemo, husoma vinyama vilivyotoka nje, na maoni ya pili hugharimu kidogo mno kuliko tiketi mbili na chumba cha kupanga. Mkipata mpango wa matibabu ulioandikwa, upelekeni kwa bingwa wa hapa aseme ni kipi kinaweza kutolewa nyumbani. Jihadharini pia na mtandao: kurasa nyingi za mesothelioma hulipiwa na mawakili wa Marekani wanaotafuta wateja wenye kesi za kule, na namba ya simu mnayoiona hapo si ya hospitali.

Hatua ya 7: Fidia

Mesothelioma iliyotokana na kazi ni ugonjwa wa kazini. Tanzania Bara, dai hupelekwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015, na hapo ndipo karatasi za hatua ya 3 hupata thamani yake. Mabaharia wetu na wengine waliovuta vumbi hilo Uingereza waulize kuhusu mpango wa malipo ya mesothelioma ulioanza kule mwaka 2014.

Hatua ya 8: Pumzi na maumivu

Nimeiandika mwisho, lakini huanza siku ile ile ya majibu, hata kama rufaa haijatoka. Ocean Road wana kitengo cha tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya mgonjwa, na hospitali nyingine kadhaa vilevile. Kwa maji yanayorudi, ulizeni kuhusu kuufanya utando ushikamane kwa poda ya talki au kuacha mrija mwembamba wa kudumu, ili mgonjwa asichomwe kila wiki. Maji yakitolewa wodini bila kamera, kwa kawaida hayazidi lita moja na nusu kwa mara moja. Mgonjwa akianza kukohoa mfululizo au kubanwa na kifua, mwambieni anayetoa asimame.

Nyumbani, mkalisheni ameinama mbele akiegemea mto juu ya meza, na feni ndogo impulizie usoni. Hupunguza hisia ya kukosa hewa kweli, nimeona. Mofini ya maji hutuliza maumivu na pia pumzi, na kupewa mofini hakumaanishi kwamba mgonjwa ameachwa. Ipimwe kwa bomba lililotolewa sindano, itolewe kwa saa zilizopangwa bila kusubiri maumivu yapande, na iende pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza.

Wekeni daftari. Mke wa yule mzee wa Tanga alilichora safu tatu: saa, dozi, na maumivu kuanzia 0 hadi 10. Baada ya siku nne safu ya tatu ilionyesha 2 na 3 mchana kutwa, halafu 8 kila saa tisa usiku. Mzee mwenyewe alikuwa akituambia kila asubuhi kwamba amelala vizuri. Nilimpelekea daktari ukurasa ule, naye akabadilisha dozi ya usiku siku hiyo hiyo.