Umeoa kwa Wamexico na shemeji yako ni gei? Fanya hivi

Mi nimeoa Mmexico, tunaishi Texas, na mdogo wa kiume wa mke wangu ni gei. Familia nzima walikuwa wanajua, mama mkwe mpaka majirani, ila hakuna aliyekuwa anasema. Miaka sita mwenzake anakuja Krismasi anaitwa "el amigo", yaani rafiki, sa rafiki gani anajua mpaka vikombe vinakaa kabati gani. Kama na wewe umeingia nyumba ya hivyo soma hapa kwanza usije ukaharibu, mi nilibaki kidogo tu niharibu.

Jua kwamba mara nyingi wala siyo chuki, ni el qué dirán, "watu watasemaje", na hilo sisi hatuhitaji kufundishwa. Juan Gabriel, yule mwanamuziki wao mkubwa, mwaka 2002 aliulizwa kwenye TV kama ni gei akajibu lo que se ve no se pregunta, kinachoonekana hakiulizwi. Mama mkwe anampenda huyo jamaa balaa, akipika lazima apige nyimbo zake na chozi linamtoka, na nyumba yake ilikuwa inaendeshwa kwa jibu lile lile. Ugomvi hakuna, ila kijana anakula sikukuu zote kwao kama mpita njia.

Usimtangaze wewe. Siku moja mezani nilitaka kumwita yule mwenzake shemeji kwa sauti, mke wangu akanikanyaga mguu. Baadaye tukiwa nje tunageuza nyama nikamuuliza shemeji mwenyewe, unataka nimwiteje? Akasema novio, mchumba, ila anza na mama akiwa peke yake.

Kwa hiyo nenda jikoni. Asikwambie mtu, maongezi ya sebuleni kwa wale watu ni salamu na mpira tu, mambo yenyewe yako jikoni. Desemba wanatengeneza tamales, unapaka unga wa mahindi kwenye maganda masaa na masaa, mikono yote imechafuka hata mama mkwe akitaka kukimbia anashindwa. Nikauliza tu kama naulizia chumvi, suegra, yaani mama mkwe, za novio wake tunaweka pilipili? Akanyamaza, akapaka maganda kama manne hivi, alafu akasema hapana, yule tumbo linamsumbua.

Biblia usibishane, utashindwa na utalala njaa. Akisema haya mambo ni ya wazungu wa Marekani mtajie mji wa Juchitán huko jimbo la Oaxaca, Mexico, Wazapoteki wenyeji wa huko wana muxe, watu wanaozaliwa wanaume wanaishi na kuvaa kike, na wanajulikana mtaa mzima tangu enzi za mababu. Na ndoa zenyewe za jinsia moja mji wa Mexico ulianza kufungisha 2010, kufikia mwisho wa 2022 majimbo yote yalisharuhusu.

Maneno sasa. Joto na maricón ni matusi, yana uzito ule ule wa "shoga" inavyotemwa kwetu, usiyatumie hata kwa utani. Na mjomba akitania namba 41 usicheke kwa kufuata mkumbo, 1901 polisi wa mji wa Mexico walivamia dansi wakakamata wanaume 41, karibu nusu wamevaa magauni, namba ikageuka tusi mpaka leo.

Maandamano ya Orgullo, yaani Pride, ya mji wa Mexico ni mwishoni mwa Juni, yanatoka mnara wa El Ángel mpaka uwanja wa Zócalo, jua kali na unasimama sana kwa hiyo kofia, maji, viatu vilivyozoea mguu. Mzazi usimburute. Sisi tulienda ya huku Texas na mama mkwe akagoma, akasema magoti. Ila asubuhi tunatoka akatupa burrito nne kwenye foili, moja kaiandika kwa kalamu sin chile, bila pilipili.