Jinsi ya Kutetea Kamera za Mwendo Mbele ya Kikao cha Maoni

Anayesimama kutetea kamera za mwendo, yaani zinazonasa magari yanayozidisha kasi, katika kikao cha umma, iwe Nakuru au Kisumu, hupewa dakika chache tu, na wengi walio mbele yake wameshaamua kwamba kamera ni mbinu nyingine ya kuwatoa pesa. Hao ndio wa kuandaliwa hoja, si wale wanaokubali tayari. Tangu enzi za Aristotle, walimu wa ufasaha wametaja nguzo tatu za ushawishi: uaminifu wa msemaji, hisia za msikilizaji na mantiki ya hoja. Zote tatu zinahitajika, ila kwa suala hili anza na uaminifu, kwa sababu hapo ndipo watetezi wengi huangukia.

Kwanza ujue barabara ni ya nani. A8 inayotoka Nakuru kupitia Salgaa kuelekea Eldoret ni barabara kuu ya kitaifa na iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Barabara nyingi kubwa za mjini ni za KURA, mamlaka ya barabara za mijini, na nyingine ni za kaunti. Ukiliomba bunge la kaunti liweke kamera Salgaa, karani atakujibu kwa sentensi moja na hutasikilizwa tena. Liombe lipitishe azimio la kuihimiza mamlaka husika. Hilo linaweza kulifanya.

Kisha chagua kipande kifupi cha barabara, kilomita mbili au tatu, ukitaje kwa alama ambazo kila mtu anazijua: kutoka kituo fulani cha mafuta hadi lango la shule fulani. Omba takwimu za ajali kwa kituo cha polisi, na kwa hospitali iliyo karibu omba idadi ya majeruhi bila majina. Kusanya za miaka mitatu hadi mitano. Ukichukua mwaka mmoja mbaya pekee, mpinzani makini atasema kwamba baada ya mwaka mbaya hesabu hushuka yenyewe hata pasipo kamera, na atakuwa na haki.

Mantiki yenyewe ifanye kwa hesabu inayoweza kurudiwa na yeyote. Chukua magari mawili kwenye lami kavu, breki nzima, na dereva wa kila moja anachukua sekunde moja kushtuka kabla ya kukanyaga breki. Lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio upeo wa mjini, litasimama baada ya mita 28 hivi. Lenye mwendo wa 70 litahitaji kama mita 46, na pale ambapo la kwanza limeshasimama, la pili bado linakwenda kasi ya takriban 58. Mtoto aliyesimama hapo atagongwa kwa kasi hiyo. Hesabu hii ina nguvu kuliko msururu wa asilimia za ripoti, hasa kwa kuwa watembea kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi la wanaokufa barabarani Kenya.

Ripoti nazo zitumie kwa kiasi. Mapitio ya mwaka 2010 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tafiti za afya, yalikusanya tafiti 35 na kuona kwamba karibu na kamera ajali za vifo na majeraha mabaya zilipungua kwa asilimia 11 hadi 44. Sema "karibu na kamera", na useme pia kwamba tafiti hizo ni za nchi tajiri. Usipolisema wewe, atalisema mwingine kwa nia ya kukuvunja.

Sehemu ngumu ni hisia. Mkasa unaoliza zaidi mara nyingi ndio usiofaa. Moto wa Sachang'wan, karibu na Molo, wa Januari 2009 uliua zaidi ya watu 100, lakini waliungua wakichota mafuta ya lori lililopinduka. Londiani Junction, kaunti ya Kericho, tarehe 30 Juni 2023, lori lilikosa udhibiti na kuwavamia wachuuzi na magari ya abiria, yaani matatu. Zaidi ya 50 wakafariki. Ukiyataja haya, mtu atauliza kamera ingelizuiaje lori lisiloshikika, na huruma yote uliyoamsha itageuka dhidi yako. Tafuta tukio dogo lililosababishwa na kasi kwenye kipande chako, mtu mmoja, kwa ruhusa ya familia yake. Usionyeshe picha za maiti. Zinawaumiza waliofiwa, na wasikilizaji huinamisha macho hadi umalize.

Pingamizi la pesa usingoje liulizwe. Chicago, ofisa wa jiji aliyesimamia mkataba wa kamera za kunasa wanaopita taa nyekundu alipatikana na hatia ya rushwa mwaka 2016 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 10. Kwa hiyo hoja kwamba "kamera haiombi kitu kidogo" ni nzuri, lakini ni nusu tu: kamera haiombi, anayeinunua anaweza kuomba. Ijazie na masharti. Kampuni isilipwe kwa kila faini, mabango ya onyo yawekwe kabla ya kamera, na picha zihifadhiwe kwa kufuata Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Taja pia viwango vya faini za papo hapo vya kanuni za 2016: kuzidisha upeo wa mwendo kwa kilomita 1 hadi 5 kwa saa ni onyo, 6 hadi 10 ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni 3,000, na 16 hadi 20 ni 10,000. Wengi hutulia wakisikia kwamba kosa dogo halilipishwi.

Wenye matatu watauliza kwa nini wabebe kosa la dereva, maana kamera husoma namba ya gari. Swali hilo ni la haki. Pendekeza sacco, yaani vyama vya wenye matatu, ziweke orodha ya dereva wa kila gari kwa kila siku, ili mwenye gari aweze kumtaja aliyeendesha. Wengine watasema madereva hupunguza mwendo penye kamera na kuongeza baada yake. Jibu ni kamera mbili zinazopima wastani wa mwendo kati yake: upeo ukiwa 80, kilomita 6 ni dakika nne na nusu, na atakayefika mapema zaidi ya hapo amevunja sheria popote alipoongezea.

Malizia kwa ombi moja lenye mahali, aina ya kamera na masharti yake. Liandike kwenye ukurasa mmoja, upeleke nakala mbili kwa karani, na ya kwako igongwe muhuri na kuwekwa tarehe kabla hujaondoka.