Jinsi ya Kudai Ardhi ya Jadi ya Jamii Nchini Uganda

Kabla jamii haijamtafuta wakili, inapaswa kujua ardhi inayoidai iko chini ya nani leo. Ibara ya 237 ya Katiba ya 1995 inasema kwamba ardhi ya Uganda ni mali ya raia, nao huimiliki kwa mifumo minne, yaani umiliki wa kimila, umiliki huru, mailo (mfumo uliotokana na mkataba wa Buganda wa 1900) na ukodishaji wa muda maalumu. Ardhi ya kimila inatambuliwa na sheria hata ikiwa haina hati. Hata hivyo, ibara hiyohiyo inaziweka hifadhi za misitu, mbuga za taifa na ardhi oevu mikononi mwa serikali kama mdhamini wa wananchi. Jamii ambayo bado inaishi kwenye ardhi yake itapita katika ofisi za wilaya. Ile iliyotolewa ili mbuga au msitu uhifadhiwe italazimika kwenda mahakamani.

Katika njia ya kwanza, ombi la hati ya umiliki wa kimila hupelekwa kwa kamati ya ardhi ya eneo, ambayo hubandika tangazo katika parishi na kwenye ardhi yenyewe kwa muda usiopungua wiki mbili, kisha husikiliza pingamizi na kukagua mipaka. Bodi ya ardhi ya wilaya ndiyo inayoamua, na hati hutolewa na msajili wa kaunti ndogo. Kwa malisho ya pamoja, kama yale ya Karamoja, ni afadhali kuunda chama cha ardhi ya jamii, kwa sababu hati iliyoandikwa jina la mzee mmoja huuzwa kwa urahisi baada ya mazishi yake. Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka angalau asilimia 60 ya wanajamii wakubali kuunda chama hicho, na kamati yake iwe na watu 3 hadi 9, theluthi moja au zaidi wakiwa wanawake. Sheria hiyo pia inabatilisha uamuzi wowote wa kimila unaowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya ardhi, kwa hiyo mkutano wa wanaume peke yao chini ya mwembe unampa mpinzani silaha bure.

Ushahidi ukusanywe mapema, wazee wangali hai. Mpaka utembewe kwa miguu, wazee wakitangulia na vijana wakifuata na simu ya kupima mahali, na katika kila kona iandikwe kilichopo: masale (mimea ya kuonyesha mpaka) yaliyopandwa, kaburi, kisima, shina la mti uliokatwa, na jina la aliyekieleza. Majirani wa pande zote waitwe siku hiyohiyo na watie sahihi au dole gumba papo hapo, mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kwa maana ramani iliyochorwa bila jirani ni tuhuma dhidi yake, wala haitamshawishi hakimu. Baada ya hapo zitafutwe ramani za zamani katika idara ya upimaji iliyoko Entebbe, pamoja na matangazo ya gazeti la serikali yaliyoanzisha au kubadili mipaka ya hifadhi, ili ionekane nani alikuwapo kabla ya mstari kuchorwa.

Mahakamani, muda ndio mtego wa kwanza. Dai la kurudishiwa ardhi hufa baada ya miaka 12, ingawa mahakama zimekubali kwamba uvamizi unaoendelea ni kosa jipya kila siku. Kundi likishtaki kupitia wawakilishi wachache, liombe kwanza ruhusa ya mahakama na kuambatanisha orodha ya wote wanaowakilishwa. Ibara ya 50 ya Katiba inaruhusu pia shirika kushtaki kwa niaba ya wengine haki zao zinapovunjwa.

Jambo linalohitaji uangalifu kuliko yote ni maneno ya amri inayoombwa. Wabenet wa Mlima Elgon walipata hukumu ya maridhiano, yaani iliyotokana na makubaliano ya pande zote, mwezi Oktoba 2005, iliyowatambua kuwa wakazi wa kihistoria na wa asili wa maeneo yaliyofanywa mbuga na kusema kwamba maeneo hayo yaondolewe katika hifadhi. Lakini miaka mingi baadaye familia nyingi bado zinaishi katika makazi ya muda. Mzizi wa mgogoro ulikuwa uleule wa tangu 1983, serikali ilipowatengea hekta 6,000, na upimaji wa miaka kumi baadaye ukaonyesha kwamba eneo lililokaliwa lilikuwa hekta zipatazo 7,500. Kwa kuwa kubadili mpaka wa mbuga kunahitaji idhini ya Bunge, amri itaje ramani yenye vipimo, ofisi itakayopeleka pendekezo bungeni, tarehe ya mwisho, na siku ambayo mahakama itapokea taarifa ya utekelezaji. Wabatwa, jamii ya asili ya misituni iliyotolewa katika misitu ya Bwindi na Mgahinga mwaka 1991, walishinda katika Mahakama ya Katiba mwezi Agosti 2021, nayo ikapeleka suala la hatua za kuwafidia mbele ya Mahakama Kuu. Ushindi huo ni mkubwa, lakini ulifungua kesi nyingine.

Wenye madai yanayotokana na mikataba ya kikoloni, kama ule wa 1900 kati ya Uingereza na ufalme wa Buganda, wasitegemee mkataba peke yake. Wasome sheria ya 1993 ya kuwarudishia watawala wa jadi mali zao, inayoorodhesha baadhi ya mali na kuacha nyingine kwa mazungumzo.

Nje ya nchi, Uganda haijatoa tamko la kuwaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, kwa hiyo malalamiko hupelekwa kwa Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Banjul, Gambia, baada ya kumaliza njia za nyumbani. Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, haidai njia hizo zimalizwe, ila inatoa miezi miwili tu tangu kitendo kilipofanyika au kujulikana, na anayesubiri kwanza hukumu ya Kampala atafika Arusha muda umekwisha.