Jinsi ya kutambua kwamba seli inadhibiti kimeng'enya wakati wa kusoma mRNA

Anayepima RNA mjumbe, yaani mRNA, nakala ya jeni inayobeba maagizo ya kutengeneza protini, peke yake na kusema kwamba kimeng'enya kimeongezeka anaharakisha mno, kwa sababu seli inaweza kujaa mRNA ambayo hakuna ribosomu, yaani mtambo wa seli unaounda protini, hata moja inayoisoma. Feritini, protini inayohifadhi madini ya chuma, inafaa sana kujifunzia jambo hili, kwani mnyororo wake mzito ni kimeng'enya kinachooksidisha chuma kabla hakijahifadhiwa.

Zigawe seli zako makundi mawili: moja ulipe chumvi ya chuma, la pili desferioksamini, dawa inayonasa chuma. Baada ya saa kadhaa, pima mRNA na protini kutoka kwenye sampuli ileile. Protini ikipanda ilhali mRNA imebaki karibu palepale, rudia jaribio ukitanguliza aktinomaisini D, ambayo huzuia RNA mpya isitengenezwe. Mtafiti Munro na wenzake, waliochapisha mwaka 1976 hoja kwamba chuma hudhibiti feritini wakati wa kusoma mRNA, walitegemea ushahidi wa namna hii: feritini iliendelea kuongezeka ingawa njia ya RNA mpya ilikuwa imefungwa. Hakikisha pia kwamba protini haikuongezeka kwa sababu tu inachelewa kuvunjwa. Zipe seli asidi amino, yaani kijenzi cha protini, yenye mnururisho kwa dakika chache, kisha upime feritini iliyozaliwa muda huo.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha ribosomu zenyewe. Weka saikloheksimidi ili zigande zilipo juu ya mRNA, vunja seli kwenye baridi, mimina mchanganyiko taratibu juu ya sukrosi iliyopangwa kutoka asilimia 10 hadi 50, kisha uuzungushe kwa kasi kubwa. mRNA iliyobeba ribosomu nyingi huzama chini. Isiyosomwa hubaki juu. Seli zikikosa chuma, mRNA ya feritini utaikuta juu, na zikipewa chuma itashuka.

Sababu yake iko karibu na mwanzo wa mRNA, ambapo nyukleotidi, yaani vijenzi vya RNA, hujikunja na kuacha kitanzi cha nyukleotidi sita. Chuma kikiadimika, protini iitwayo IRP1 hukishika kitanzi hicho na kuinyima sehemu ndogo ya ribosomu mahali pa kutua. Chuma kikiwa tele, IRP1 hupokea fungu la atomi nne za chuma na nne za salfa, huachia kitanzi, na kuwa kimeng'enya cha akonitasi. Hili bado hunistaajabisha: molekuli ileile hulinda mlango, kisha huenda kufanya kazi nyingine kabisa. Kitanzi cha aina hiyo kimo pia kwenye mRNA ya ALAS2, kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa hemu, molekuli yenye chuma iliyomo ndani ya himoglobini, katika seli zinazokua kuwa chembe nyekundu za damu.

Mwisho, kipandikize kitanzi hicho mbele ya jeni ya protini nyingine uone kama nayo itatii chuma. Kisha kisogeze zaidi ya nyukleotidi 60 kutoka kwenye kofia ya mRNA, yaani ncha yake ya mwanzo: udhibiti utadhoofika, kwa kuwa ribosomu itakuwa imekwisha kupanda kabla ya kukutana na kizuizi.