Kupogoa na Kuunda Msonobari Mweusi wa Japani Chunguni

Kabla ya kushika mkasi, hakikisha kwanza kwamba mti ulio mbele yako ni msonobari mweusi wa Japani, yaani Pinus thunbergii, kwa sababu sehemu kubwa ya maelezo haya huenda ikaudhuru msonobari wa aina nyingine. Msonobari mweusi una sindano ngumu zinazoota mbilimbili, na ukikatwa machipukizi yake ya mwaka kwa wakati ufaao huchipua tena katika msimu uleule. Msonobari mweupe, Pinus parviflora, ambao sindano zake laini huota tanotano, huchipua mara moja tu kwa mwaka. Huo hupunguzwa kwa vidole wakati chipukizi lingali changa, wala haukatwi kama mweusi.

Jambo la kuzingatia katika kazi yote ni mgawanyo wa nguvu. Msonobari hupeleka nguvu zake kileleni na kwenye ncha za matawi, na ukiachwa hivyo matawi ya chini na vitawi vya ndani hunyimwa mwanga, hudhoofika na hatimaye hufa. Hasara hiyo ni vigumu kuirekebisha, kwa kuwa msonobari ni nadra kutoa tumba kwenye tawi kuukuu lisilo na sindano hata moja. Kwa hiyo penye nguvu hukatwa zaidi, na penye udhaifu huachwa.

Katika majira ya kuchipua, machipukizi husimama wima kama mishumaa. Wakati huo mti ulishwe mbolea vizuri, nawe usiwe na haraka ya kuukata. Machipukizi yaliyorefuka kupita mengine ndiyo pekee yanayoweza kuvunjwa sehemu ili yalingane na wenzake.

Ukataji wenyewe hufanywa mwanzoni mwa majira ya joto. Katika mkoa wa Kagawa nchini Japani, ambako mji wa Takamatsu umejulikana kwa muda mrefu kwa bonsai za misonobari, yaani miti inayokuzwa midogo na kuundwa chunguni, kazi hii huangukia kati ya Juni na mwanzo wa Julai, ili zibaki takriban siku 100 za kukua kabla ya baridi kuingia. Kata chipukizi jipya lote pale linapoanzia, kwa mkato ulionyooka, bila kugusa sehemu ya tawi iliyokua mwaka uliotangulia wala sindano zake. Wakuzaji wengi huanza na machipukizi dhaifu, kisha hungoja siku kama 10 ndipo wakate yale yenye nguvu, ili haya yapate muda mfupi zaidi wa kurefuka. Yaliyo dhaifu mno hayakatwi kabisa. Mti mdogo hukatwa baadaye kuliko mkubwa, maana kadiri muda wa kukua unavyopungua ndivyo sindano zinavyotoka fupi, na sindano fupi ndizo zinazoufanya mti mdogo uonekane mzee na mkubwa. Mbolea huondolewa wakati wa kukata na kurudishwa sindano mpya zikishakomaa. Mti mgonjwa, au uliohamishwa chungu mwaka huohuo, usikatwe hata kidogo. Mimi naona hapa ndipo misonobari mingi ya watu wasio na subira hufia.

Baada ya wiki kadhaa matumba mengi hujitokeza mahali pamoja. Bakiza mawili yaliyoelekea kulia na kushoto, uondoe yanayotazama juu na chini, la sivyo pale patavimba na kuleta fundo baya. Majira ya kupukutika majani yakifika, ng'oa sindano kuukuu, na zile mpya uzipunguze ukibakiza kwa kila chipukizi takriban jozi 5 kileleni, 7 au 8 katikati, na 10 au zaidi chini. Hesabu hii si sheria. Unachotafuta ni mwanga ufike ndani.

Matawi makubwa hukatwa, na waya wa kuyaelekeza matawi hufungwa, kuanzia mwisho wa majira hayo hadi majira ya baridi, utomvu unapokuwa umetulia. Ondoa moja kati ya matawi mawili yanayotazamana kwa urefu uleule, na lile lililoota upande wa ndani wa pindo la shina. Tawi la kwanza kutoka chini hupendeza likiota kwenye kimo cha karibu theluthi moja ya urefu wa mti, likishushwa chini kama lililobebeshwa theluji miaka mingi. Waya wa shaba hushika vizuri kuliko wa aluminiamu. Uchague wenye unene wa karibu theluthi moja ya tawi, uuzungushe kwa pembe ya nyuzi 45 ukianzia mahali imara, na upinde tawi polepole. Kagua waya mara kwa mara, hasa matawi yanaponenepa kuelekea mwisho wa mwaka, na ukiona umeanza kuzama kwenye gome uukate vipandevipande badala ya kuufungua, hata kama tawi litahitaji kufungwa upya.