Somo: Kurudisha mikoko, kabla hujashika mche

Wengi wakisikia kurudisha mikoko huwaza siku ya kupanda: fulana za rangi moja, miche elfu, picha. Rudi baada ya mwaka, utakuta vijiti. Ufilipino walipanda kwa miongo mingi, na sehemu nyingi miche iliyosalia ilikuwa asilimia 10 hadi 20 tu. Sababu kubwa ni kupanda chini mno, kwenye matope ambayo mikoko haikuwahi kuota. Ndiyo maana somo hili lina maji mengi kuliko miche.

Hatua ya 1: Kwa nini pako wazi? Kama miti ilikatwa tu na miti mama ipo jirani, zuieni ukataji, mbegu zitaletwa na maji. Kama kuna tuta la bwawa la kufugia kamba lililotelekezwa, au barabara imeziba hori, hakuna mche utakaokubali mpaka maji yapite. Hujapata jibu? Usipande.

Hatua ya 2: Pima usawa. Mikoko huota kati ya usawa wa wastani wa bahari na kikomo cha maji ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mtambo hauhitajiki. Tafuta fito mbili, zisugue chaki tangu chini hadi juu. Siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa, simika moja ndani ya mikoko yenye afya na nyingine pale unapotaka kurudisha. Maji yakijaa yataosha chaki. Yakikupwa tena, pima kutoka ardhini hadi chaki inapoanzia. Tuseme kwenye mikoko ni sentimita 60, kwako 140: kwako ni chini kwa sentimita 80, achana napo. Ufito wako ukibaki mkavu ilhali ardhi iko chini vilevile, kuna mahali maji yanazuiwa. Rudia siku nyingine, maana upepo hudanganya.

Hatua ya 3: Fungua maji. Toboa tuta pale hori la zamani lilipopita. Si lazima kulibomoa lote. Barabarani, weka kalvati, bomba la kupitisha maji chini ya barabara.

Hatua ya 4: Ngoja msimu wa mbegu. Hapa wafadhili hukosa subira. Robin Lewis, mwanabiolojia wa Florida, alijulikana kwa njia hii hasa: kurekebisha maji kwanza, mbegu zijilete zenyewe.

Hatua ya 5: Zisipokuja, panda. Kila aina ya mikoko ina mahali pake: mlilana hukaa upande wa bahari, mkoko wenyewe (Rhizophora) kandokando ya hori, mkandaa nyuma yake. Mchu huvumilia chumvi nyingi, huota mbele na nyuma. Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina pete ya njano shingoni na huachia ukiigusa. Ikibidi uivute, bado. Kataa yenye matundu ya wadudu. Ichomeke theluthi yake tu, ncha ikiwa chini.

Hatua ya 6: Hesabu. Weka alama kwenye vipande vichache, hesabu miche hiyo hiyo kila mara, piga picha ukisimama pale pale.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwetu kuna uwanda mkubwa wenye nyasi bahari, hauna mti hata mmoja. Tupande hapo?*
Hapana, ndugu yangu. Hapo si patupu. Nyasi hizo ni malisho ya kasa na makulia ya samaki. Mtaua kimoja na cha pili kisiote.

*Kaa wanakata miche yote usiku. Tufanyeje?*
Wanapenda mbegu changa. Ikuzeni kitaluni mpaka shina likomae, ndipo muitoe. Msiwaue kaa, mashimo yao ndiyo yanayopitisha hewa na maji kwenye matope.

*Kitalu chetu tunamwagilia maji matamu. Ni kosa?*
Si kosa, miche hukua vizuri tu. Ila kabla ya kuipeleka nje, izoesheni maji ya chumvi kidogo kidogo, isije ikashtuka.

*Miche yetu imefunikwa na magamba magumu yanayong'ang'ania shina. Tunayakwangua kila wiki, yanarudi. Tuendelee?*
Magamba hayo hupenda mahali panapofunikwa na maji muda mrefu. Rudini hatua ya pili na fito zenu. Nadhani mmepanda chini mno.